Tuta Langu Katikati ya Ngoro

Mimi ni mtu wa ufukweni mwa ziwa, Mbaha, na hadi siku ile sikuwahi kulima mahali ambapo ukijikwaa unaishia kwa jirani. Bodaboda ilipopanda milimani Matiri niliona mashamba yamesimama kama ukuta, kicheko kikanishika. Mchumba wangu alinisihi ninyamaze, maana tulikuwa tunakwenda kwa mama yake, na mama alikuwa bado hajaniridhia. Alishasema wazi kwamba msichana wa ziwani haliwezi jembe la mlimani. Maneno hayo yaliniwasha. Nilimpelekea furushi la usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwetu, na ubishi wangu wote.

Asubuhi tukaingia shambani. Wanaume walikuwa wameshafyeka majani na kuyalaza miraba miraba mteremko mzima. Mama akanionyesha mraba wangu, akaenda zake juu. Sikuuliza kitu. Niulize kulima, mimi? Niliyakusanya majani yote katikati, nikayafukia, nikapandisha tuta nene la kupendeza, kama tufanyavyo kwetu kwa muhogo. Jua likatoka, bonde likafunguka chini yangu na mibuni yake na mabati yanayong'aa, nikajiona mke wa mtu tayari. Nikaanza hata kuimba.

Nilipoinua macho, kila mtu alikuwa na shimo. Mimi peke yangu nilikuwa na kilima. Kumbe ngoro, mashimo yao ya kulimia mlimani, hulimwa kinyume kabisa: unachimba katikati ya mraba, udongo unaumwaga juu ya majani ya pembeni, ili shimo lishike maji ya mvua yasiondoke na shamba.

Mchumba wangu alishika kichwa. Mama akashuka polepole, akalizunguka tuta langu, akaligonga kwa mpini wa jembe. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akaketi pale pale kwenye udongo, kanga mdomoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami, kwa woga na kwa furaha, nikacheka nikashindwa kusimama.

Mwanawe alipotaka kulibomoa, akamzuia.

"Liache," alisema, akijifuta macho. Kisha akanigeukia. "Ukirudi, mwanangu, uje na mbegu ya muhogo wa kwenu."

Ukirudi. Alisema ukirudi. Nilimkumbatia na matope yangu yote, kabla hajaghairi.