Karatasi ya Sigara Badala ya Fyuzi

Mwanangu, kuna siku moja sijaisahau mpaka leo. Unaniona na duka langu hapa Nyamasaria, magari yamepanga foleni niyafungie spika za muziki, na wenye diploma wanakuja kuniuliza maswali. Mimi shule niliachia darasa la sita. Haya yote nilijifunza kwa mikono hii. Lakini mikono hii hii nusura imchome mama wa watu.

Nilikuwa kijana wa mtaa wa Nyalenda, na hakuna gari lililopiga muziki kama langu. Ampli, ile mashine ya kukuza sauti, nilifunga mwenyewe kwenye buti. Waya wa moto niliutoa kwenye betri, fyuzi yake nikaiweka chini ya dashibodi, nikaulaza waya chini ya kapeti mpaka nyuma, nikaupitisha kwenye tundu la bati la kuingilia buti bila kuweka mpira wa kuukinga. Nikajiona injinia.

Basi nikakodiwa kuongoza msafara wa mazishi kutoka mochari ya mjini mpaka Katito, nyumbani kwa marehemu, nyimbo za kanisa zikilia njia nzima. Unajua kwetu mzee wa boma hapelekwi nyumbani kimya. Mjane wake, Mama Atieno, aliketi nyuma yangu na picha ya marehemu mapajani. Kando yangu alikuwa shemeji yake, Opiyo.

Hatujaenda mbali, muziki ukakatika. Fyuzi ya ampli imekufa. Nikaweka nyingine, nayo ikafa kabla ya kufika Ahero. Sikuwa na ya tatu.

"Bwana fundi," Opiyo akasema, "si wewe ndiye unajisifu Nyalenda yote? Tunampeleka jaduong', mzee wetu, kimya hivi kama tumemuiba!"

Huko nyuma honi zikaanza kulia. Aibu ikanipanda, mwanangu. Sikujiuliza ni nini kinaua fyuzi. Nikaomba pakiti ya sigara ya Opiyo, nikatoa ile karatasi ya kung'aa inayopitisha umeme, nikaikunja na kuishindilia mahali pa fyuzi. Muziki ukarudi. Opiyo akanipiga begani: "Sasa ndio fundi!"

Tulipokata kona kuelekea Katito, Mama Atieno akasema polepole, "Kijana, hapa chini kuna joto."

"Ni injini tu, mama." Nikaongeza sauti.

Baada ya kidogo akasema tena: "Kijana, kiatu changu kinanata."

Hapo ndipo harufu ikanifikia. Moshi ulikuwa unatoka chini ya kapeti, miguuni pake. Nikasimamisha gari. Mlango wake ulikuwa na tabia ya kukwama, nami nilijua, ila pesa yote ilikwenda kwa spika; ukagoma kufunguka. Opiyo alimvuta kwa mlango wa upande wa pili. Mimi nilikimbilia boneti. Spana ya kufungulia kichwa cha betri iko kwenye buti, chini ya spika. Nikaukamata waya kwa mkono mtupu, nikaung'oa. Kovu lenyewe ndilo hili.

Pale kwenye tundu la bati la buti, gari lilivyotikisika, waya ulikuwa umesuguliwa ngozi yote, shaba ikawa inagusa bati. Fyuzi zilikuwa zinaniambia. Mimi nikaziziba mdomo.

Mama Atieno alisimama kando ya lami bila viatu, vimebaki vimenata kwenye kapeti, amekumbatia picha. Akanigeukia. "Nilikwambia kuna joto, ukaongeza muziki. Mume wangu hasikii tena hizo nyimbo, kijana. Niliyekuwa ndani ni mimi." Akapanda gari lingine, akaenda kumzika mumewe hivyo hivyo, miguu mitupu.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayeanza kazi hii. Toa kichwa cha betri kwanza, ule upande wa hasi, kabla hujagusa kitu. Fyuzi ikae karibu na betri, isipite urefu wa mkono wako toka kiwiko hadi vidole. Ukubwa wake uufuate unene wa waya, usifuate kelele anayotaka mteja. Kila tundu la bati liwe na mpira. Na fyuzi ikikatika, zima, tafuta sababu, hata kama dunia nzima inakupigia honi. Mimi kwa ujuzi wangu wote bado hupapasa kapeti kabla sijamrudishia mtu funguo.

Mungu akulindie mikono, mwanangu, na kila utakayemfungia muziki afike kwao na viatu vyake vyote viwili.