Sauti ya Mama Riziki

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na imenirudia kwa nguvu tangu Jumapili uliponiambia umepata kazi kwenye kampuni ya matangazo, na sasa unatafuta akina mama wa kanisani kwetu wa kupigwa picha. Nilikupongeza, wewe na mama yako, na pongezi zile zilitoka moyoni. Kisha nikaaga mapema, ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa namkumbuka Mama Riziki. Keti kidogo nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa muuguzi kijana, bado mgeni hapa Birmingham, nimetoka Nakuru na sanduku moja. Nilipanga chumba kule Castle Vale. Jirani yangu alikuwa mama wa Bukavu, kule Kongo, mjane aliyekimbia vita na mwanawe mmoja, Riziki. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Na alijua kusema, mwanangu! Akianza kusimulia, hata sisi tuliotoka kazini miguu imevimba tulisahau kwenda kulala. Kiswahili chake na changu vilitofautiana, nasi tulichekana sana kwa hilo. Mimi nikisema "watu," yeye anasema "batu." Kiingereza alikijifunza ukubwani. Alikisema polepole, kwa lafudhi ya Kifaransa, kila neno akilitamka kwa heshima. Alizungumza na kila mtu, dereva wa basi, muuza mboga, hata yule mzee wa ghorofa ya chini asiyejibu salamu. Mwishowe alijibu.

Basi, kampuni moja ya sosi ya pilipili ikawa inatafuta mama wa Kiafrika wa tangazo la televisheni. Habari zilipotufikia kanisani, tulimtaja yeye bila hata kushauriana. Ujue, siku hizo mtu mweusi akionekana kwenye tangazo hapa, tuliitana sebuleni tukaangalie.

Nilimsindikiza hadi Hockley, kwenye studio iliyokuwa ndani ya karakana ya zamani. Alivaa kitenge chake cha Jumapili, na kilemba alikipiga pasi mara ya pili kabla hatujatoka. Mwongozaji alikuwa mtu mpole. Akamwambia asimulie tu, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi walivyokula pilipili kwao. Mama Riziki akasimulia. Akaeleza babake alivyopanda mipilipili nyuma ya nyumba, mama yake alivyotwanga pilipili zake wakazila na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani kwao, na wageni walivyotokwa machozi huku wakiomba waongezewe. Chumba kizima kilicheka, mpaka yule wa kushika taa. Mama Riziki akanigeukia, macho yanang'aa.

"Unaona, mutoto yangu? Batu banasikia."

Tulirudi kwa basi tukiimba pambio, abiria wakitutazama.

Siku ya tangazo kutoka tulijazana kwake. Riziki aliketi chini, karibu kabisa na tivii. Kwanza zikalia ngoma, na ndege wa msituni wakapiga kelele, ingawa Bukavu ni mji, wenye mabarabara na makanisa na shule. Kisha uso wa Mama Riziki ukajaa kioo kizima, mzuri ajabu. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwingine, nzito, inanguruma Kiingereza kilichovunjwa makusudi, ikiita watu waje kula kama mtu anayeita mifugo. Habari za babake na mipilipili hazikuwemo kabisa.

Mmoja wetu alicheka, akidhani mitambo imeharibika. Riziki akamgeukia mama yake, akauliza kwa Kiingereza ni nani yule anayeongea. Mama Riziki akasema taratibu, "Balibeba sura yangu, baliacha mutu."

Juma lililofuata tulikwenda ofisini kwa wale waliotengeneza tangazo. Alitupokea mama mmoja mwenye adabu, akatupa chai. Akaeleza kwamba waliwasikilizisha watu ile sauti ya mwanzo, na watu hawakuamini kwamba inatoka Afrika. Ilikuwa laini mno, akasema, ya kistaarabu mno. Alidhani anamsifu.

"Kwa hiyo mimi natoka wapi?" Mama Riziki akamuuliza, kwa kile Kiingereza chake cha utulivu.

Yule mama akanitazama mimi, kana kwamba nitamwokoa. Nikasema tunaomba sauti yake irudishwe. Akajibu kwamba tangazo limeshatoka, haliguswi tena. Mama Riziki akasema, basi nipeni japo ule mkanda wangu, nimwachie mwanangu. Akaambiwa mikanda ya namna hiyo haitunzwi.

Tangazo likapendwa. Vijana wa kituo cha basi wakawa wanamngurumia akipita. Riziki shuleni aliitwa kwa maneno yale ya kuitia watu. Hata dereva wa basi, mtu mwema asiye na nia mbaya, alisalimiwa siku moja na Mama Riziki kama kawaida, naye akamjibu kwa sauti ya tangazo. Basi zima likacheka. Nilikuwa nimekaa naye. Aliangalia dirishani mpaka tukafika.

Baada ya hapo alianza kupunguza maneno. Madukani alimtuma Riziki. Kwenye basi alionyesha kadi yake ya usafiri na kupita. Kanisani, ambako ndiye aliyekuwa akitusomea Neno, aliomba apumzishwe kidogo, na hakurudi tena mbele. Nami niliona ni huzuni ya muda, itakwisha tangazo likiondolewa. Tangazo liliondolewa, ila ukimya ule ulibaki naye. Riziki alikua, akaoa, akapata watoto, na watoto hao walimjua bibi wa kutabasamu na kutikisa kichwa.

Mwaka juzi tulimzika. Msibani, mjukuu wake wa kike alinijia jikoni na simu mkononi. Alikuwa amelipata lile tangazo kwenye mtandao. Akaniuliza, "Auntie, Bibi alikuwa anaongea hivi?"

Nikasema hapana, mwanangu, hata kidogo.

"Sasa alikuwa anaongea aje?"

Nilifungua mdomo nimwigize. Nilitaka kumpa hata sentensi moja, ile ya samaki na mipilipili. Haikuja. Nilijua vizuri alivyosema, lakini koo langu halikuwa lake. Nilimkumbatia yule mtoto tukalia pamoja kando ya sinki. Sisi tulioifaidi sauti ile kabla ya tangazo hatukuwahi kuihifadhi popote, na redio ya kurekodi nilikuwa nayo chumbani.

Kwa hiyo nenda kazini, mwanangu, nenda kabisa. Sikukatazi, maana asipokuwepo mmoja wetu pale wanapokata na kuunganisha picha na sauti, mengine kama hayo yatatokea tena, na yatafanywa na watu wapole wanaokupa chai. Lakini usiridhike kwa sababu tu uso wetu umeonekana. Uliza maneno ni ya nani. Uliza ngoma zimeingiaje. Kabla kazi haijatoka, mwite mwenye sura aione, na akisema siyo, simama naye, hata kama mezani umebaki peke yako. Wakikataa, mwambie ukweli mapema, asije akauona sebuleni mbele ya mtoto wake. Na leo ukifika nyumbani, mwombe mama yako akusimulie chochote, umrekodi, usingoje siku maalumu.

Mungu akupe kibali kwa wakubwa wako na moyo wa kutowaogopa. Akupe riziki isiyomwumiza mtu. Na kila mama utakayemwita mbele ya kamera arudi kwake salama, angali na maneno yake kinywani. Amina, mwanangu.