Asumini Kwenye Nguo ya Eda

Wageni wa kutoa pole walipoanza kupungua, ndipo Bi Mwanamkasi alipotambua jinsi alivyochoka. Tangu mumewe, Mzee Sadalla, azikwe, alikuwa ameketi kwenye godoro la chumba cha nyuma, ndani ya nguo zake nyeupe tupu za eda, akieleza. Kila aliyeingia alitaka kusikia marehemu alianzaje kuugua, alisema nini, nani alikuwepo alipokata roho. Bi Mwanamkasi alifundisha kemia sekondari mpaka akastaafu, na kueleza jambo kwa mpangilio ilikuwa kazi yake. Lakini hata somo zuri, ukilirudia kwa darasa lisilokwisha kuingia, hukukausha koo na moyo.

Alilirudia bila kulalamika, maana nyumba ile ya Raskazone ilikuwa na jina. Mzee Sadalla alikuwa mtu wa bandari asiyeshikwa kwa lolote, na baba yake kabla yake alitajwa kwa heshima kila msikiti alimosali. Mjane wa nyumba kama hiyo hukaa eda, na watu wakaona kwamba amekaa: hatoki ovyo, hapaki hina wala wanja, hajitii manukato. Hakuna aliyemlazimisha. Aliamini kwamba mwanamke aliyesoma ndiye anayetazamwa zaidi, watu wakisubiri ateleze ili waseme kusoma kumemharibu.

Mishumaa aliileta Shadya, bintiye wa pekee, aliyehamia hapo kukaa na mama yake. Jioni moja alirudi kutoka ofisini na mfuko mzito, akatandaza vilivyomo juu ya meza ya jikoni: mapande ya nta ya nyuki kutoka Handeni, tambi za pamba, glasi fupi zenye midomo mipana, na kichupa cha mafuta ya asumini.

"Ni nini haya?"

"Mishumaa ya kunukia, mama. Nimeona kwenye simu watu wanajitengenezea nyumbani. Nataka kujifunza."

"Kwani umeme umekatika?"

"Hii si ya giza jamani. Unawasha sebuleni, nyumba inanukia."

"Nyumba yenye eda."

"Si nawasha ikiisha? Kwanza nijue kutengeneza."

Hakujua. Mara ya kwanza aliitupa nta kwenye sufuria juu ya jiko la gesi, ikafuka moshi hadi wakakohoa wote wawili. Mara ya pili utambi ulilala upande kama mlevi na kuzama. Alipopata kitu kinachofanana na mshumaa, asubuhi yake alikuta katikati kuna shimo la kutumbukiza kidole gumba. Bi Mwanamkasi alikuwa akitazama yote hayo kutoka mlangoni, ushungi wake ameubana puani, akijizuia kusema. Shimo lile lilimshinda.

"Umeimimina ikiwa moto mno," alisema. "Nta ikipoa hunywea. Juu na pembeni zinaganda kwanza, katikati bado maji. Nayo ikiganda inajivuta chini, haina pengine pa kwenda."

"Haya, njoo ufanye weye, Mwalimu."

"Nitakuja."

Akaja kweli. Asubuhi, Shadya akishatoka, aliingia jikoni mwenyewe. Alitia maji kwenye sufuria kubwa, akaweka ndogo ndani yake ili nta isiguswe na moto, akaikatakata kwa kisu cha kuchinjia kuku. Alichanganya mafuta ya nazi kidogo kuilainisha. Utambi aliufunga kwenye njiti ya mshikaki na kuulaza juu ya mdomo wa glasi, usimame katikati wima. Aliharibu naye. Mishumaa yake mingine ilipasuka, mingine iliachana na glasi, na mmoja uliwaka ukatoa masizi yaliyopaka dari. Hakujali sana. Nta ilikuwa na uzuri mmoja ambao hakuupata kwa mgeni yeyote: haikumuuliza Mzee Sadalla alikufaje. Ilitaka tu atulie, aitazame, asiiharakishe.

Suala la harufu walikubaliana mapema. Mama angeyeyusha na kumimina. Asumini angeitia Shadya jioni, peke yake, mama akiwa chumbani na mlango umefungwa. Hata hivyo harufu haina adabu ya kubaki jikoni. Siku moja jirani yao, Mama Precious, Mlutheri mmoja mchangamfu kutoka Lushoto, alimwita juu ya ukuta kwa furaha isiyo na hila.

"Mama Shadya! Jana kwenu kulinukia mpaka nikamwambia mume wangu, pale kuna bibi harusi!"

Bi Mwanamkasi alitabasamu kwa upole. Alipoingia ndani alikaa kwenye godoro na hakuinuka mpaka adhuhuri. Asumini ni ua la maharusi. Mwanamke hulivaa kichwani usiku anaompokea mumewe. Jioni alimwambia Shadya wafunge madirisha ya upande ule.

Basi ikawa Alhamisi. Shadya alikuwa ameahidi kuja nyumbani mchana ili atie asumini. Nta ilikwisha kuyeyuka, ikapoa mpaka pale panapotakiwa, nyororo, bila povu wala utando. Bi Mwanamkasi hakuwahi kuipata nzuri kiasi kile. Alingoja. Akapiga simu, haikupokelewa. Pembeni mwa sufuria nta ikaanza kuweka ukoko mwembamba.

Alijua kwamba ikiganda inayeyushwa tena, haipungukiwi kitu. Mwalimu wa kemia hakuhitaji kuambiwa. Lakini tangu msiba hakuna jambo alilolianza likafika mwisho likiwa zuri, na hili lilikuwa mbele yake, limebakisha matone machache. Alikichukua kile kichupa kwa mkono ulionyooka, mbali na mwili. Kizibo kiligoma. Alikishika kwa upindo wa kanga yake nyeupe ili kisiteleze, akakaza. Kizibo kikaachia ghafla. Asumini ilimmwagikia kanga, ikapenya kwenye gauni, ikamtiririka kifuani.

Kabla hajafikiri la kufanya, akasikia sauti mbili langoni. Moja ya Mama Precious: "Ingia, ingia, yupo! Mchana kutwa yuko kwenye mambo yake ya manukato, anayaweza!" Ya pili ilikuwa ya Tausi, dada mkubwa wa marehemu, aliyefika kutoka Muheza bila kutoa taarifa.

"Hodi humu!"

"Karibu, wifi. Shikamoo."

"Marahaba." Tausi alisimama kwenye mlango wa jikoni na mfuko wa machenza mkononi. Pua yake ilifanya kazi kabla ya macho. Akatazama kanga, akatazama gauni, akaweka mfuko chini taratibu. "Mwanamkasi. Unanukia."

"Nimemwagikiwa, wifi."

"Umemwagikiwa na nini, na eda hii? Ndugu yangu udongo haujakauka! Jirani ananipokea langoni ananiambia wifi yako yuko kwenye manukato. Nikadhani kakosea nyumba!"

Wakati huohuo bajaji ilisimama nje, Shadya akaingia mbio, viatu mkononi. Aliona sura mbili zile, akanusa, akaelewa yote.

"Shikamoo shangazi. Ni mimi," alisema, pumzi juu. "Mishumaa ni yangu, mafuta yangu. Asubuhi nilikiacha kichupa wazi juu ya kabati, kimemwangukia mama. Yeye hajashika kitu."

Tausi alimgeukia, na uso wake ukabadilika kutoka hasira kwenda kwenye jambo baridi zaidi. "Ala! Kumbe ni wewe. Mama yako hajamaliza hata eda ya mumewe, unafukiza nyumba asumini? Watu watasema nini? Kwamba binti wa Sadalla hakuweza kungoja? Na mwanamume gani atakayekuja kuposa nyumba kama hii?"

Shadya aliinamisha kichwa. Bi Mwanamkasi aliuona mlango aliofunguliwa: aupitie, jina lake lisafike, la mtoto libaki limechafuka mahali pake. Na kesho Muheza nzima ingesikia. Aliwaza jinsi ambavyo angelazimika kuanza kueleza upya, kwa wageni wapya, safari hii kuhusu tabia ya bintiye. Miguu ilimwuma. Alivuta kigoda akakaa.

"Shadya hakukiacha wazi," alisema. "Nilikifungua mimi. Ningeweza kumngoja, sikumngoja. Nta ninayeyusha mimi, namimina mimi, kila siku. Wifi, nimechoka kukaa kwenye lile godoro nikisimulia kifo cha Sadalla. Hapa nikiwa nafanya haya, simsimulii mtu."

Tausi alitazama glasi zilizopangwa dirishani, tambi zake zimesimama wima.

"Vua hiyo kanga," alisema mwishowe. "Na gauni."

"Wifi..."

"Vua, nimesema. Unataka nikuache ukae hivyo hivyo, anayepita anuse?"

Bi Mwanamkasi aliingia chumbani, akaoga, akabadili, akaleta zile nguo. Tausi alikuwa uani tayari, amefunga kanga yake kiunoni, ameketi mbele ya beseni na sabuni ya mche. Alizifua kwa hasira, akizisugua kana kwamba anamsugua mtu. "Kemia, kemia," alikuwa akinung'unika. "Umesomesha watoto wa watu kemia, kizibo cha chupa kinakushinda." Akasuuza, akanusa, akasugua tena. Asumini haikutoka. Akanusa mara ya tatu, akaguna.

"Hizi hazianikwi hapa. Upepo ukivuma, Mama Precious atakuja kucheza ngoma. Shadya, nipe mfuko wa plastiki. Nakwenda kuzianika Muheza."

"Shangazi, je, wakikuuliza?"

"Nani aniulize mimi habari za nguo za nyumba ya ndugu yangu? Nitasema ni zangu." Alizikamua, akazisokota mfukoni zikiwa mbichi. "Na hicho kichupa nenda nacho ofisini kwako, kikae huko mpaka mama yako atoke eda. Hata kwa uwazi wa tundu la sindano nisikinuse humu."

"Sawa, shangazi."

Tausi hakuondoka upesi. Alitoka na kiti, akakaa barazani upande wa barabara, akamenya chenza polepole na kuitikia salamu za wapita njia kwa sauti kubwa, mtaa wote upate kuona kwamba dada wa marehemu yuko hapo na hana neno na mjane. Alikaa mpaka alasiri.

Bi Mwanamkasi alirudi jikoni. Ile nta nzuri ilikwisha kuganda ndani ya sufuria, na asumini haikufika hata tone. Aliigonga ikatoka donge zima, akaikata upya vipande vidogo, akawasha jiko.