Waraka wa Mama Vituo

Vituo kumi na vinne, mkoa mzima, na wote wanaomeza dawa za kufubaza virusi vya ukimwi humo ndani wako juu ya kichwa cha mwanamke mmoja mwenye miguu inayovimba. Jina lake hakuna anayelitumia tena. Wanamwita Mama Vituo, na nyumbani mumewe humtania kwamba alioa mke mmoja akaletewa na kliniki kumi na nne. Zamani alicheka. Siku hizi humwambia, "Baba watoto, niache nikalale."

Miaka kumi na moja, jamani! Leo friji la maabara limekufa huku, kesho muuguzi kaacha kazi kule, keshokutwa kuna kikao cha kueleza kwa nini muuguzi kaacha kazi. Alichoka, akachoka na kusema kwamba amechoka. Na mtu aliyechoka hivyo, mpe wazo moja linaloonekana rahisi, atalikumbatia kwa mikono miwili.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Aliona kwenye madaftari kwamba wagonjwa wengi wanakipita kituo cha mtaani kwao, wanapanda magari mawili kwenda kuchukua dawa mbali. Upuuzi gani huu? Akaandika waraka: kuanzia mwezi ujao, kila mgonjwa ahudhurie kituo kilicho karibu na anapoishi, siku iliyopangiwa mtaa wake. Wakubwa wakausifu. Dereva wake, mzee asiyejua kunyamaza, ndiye pekee aliyeguna.

"Mama, watu hawapandi magari mawili kwa kupenda mandhari."

"Wewe shika usukani."

Akashika usukani. Miezi miwili baadaye, watu sitini na mmoja walikuwa hawajaonekana kituo chochote. Hapo ndipo Mama Vituo alipoelewa alichoambiwa: walikuwa wanakwenda mbali ili majirani wasiwaone. Na jambo hilo alilijua tangu alipokuwa muuguzi kijana, ila uchovu ulikuwa umemsahaulisha. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akaanza kupitia kadi zao moja moja. Akafika kwa fundi seremala mwenye miaka sita kwenye dawa, hajawahi kukosa hata siku moja. Mahali pa mtu wa karibu, fundi ametoa namba ya mkewe, na pembeni imeandikwa: msimpigie. Kadi ya tisa kutoka hapo ilikuwa ya mwalimu wa chekechea, miaka minne kwenye dawa, aliyekuwa akihudhuria kituo kingine kabisa. Mtu wa karibu: mume. Asipigiwe kamwe. Mama Vituo akaitazama namba, akarudi kwenye kadi ya kwanza, akaona ni namba ya fundi mwenyewe. Nyumba moja. Kitanda kimoja! Na waraka wake ulikuwa umewapanga kituo kimoja, Jumanne moja.

"Mungu wangu," alisema peke yake ofisini.

Kumwambia mmoja siri ya mwenzake hawezi. Hicho ndicho kiapo cha kazi, na akikivunja mara moja hakuna mgonjwa atakayemwamini tena. Kunyamaza nako kuna hatari yake: watu wawili wana miezi miwili bila dawa, na virusi havina likizo. Siku iliyofuata aliliacha gari lenye maandishi ya kliniki ubavuni kwenye kituo cha mafuta, akaenda kwa miguu yake ile ile hadi karakana ya fundi, akijifanya mteja wa kabati.

Fundi alimjua papo hapo. Akaweka randa chini, akachungulia nje.

"Nilikwenda hiyo Jumanne," alisema kwa sauti ya chini. "Nafika getini, namwona mke wangu kwenye benchi. Amepata fununu, amekuja kunikamata! Nikageuza. Mpaka leo hajasema kitu, ananitazama tu."

Mama Vituo akashika mlango wa kabati, kama mteja. "Ukimwambia mwenyewe je?"

"Mama, yule ni mzima, buheri wa afya. Hata mafua hayamjui. Akijua, anabeba watoto anaondoka."

Mchana, wanafunzi wa chekechea walipolala, mwalimu naye alimpokea kwenye darasa la jirani lililokuwa tupu, mikono imejaa rangi.

"Alinifuata! Niliuona mgongo wake ukitoka getini, nami nikakimbia bila dawa. Sasa ananyamaza, anangoja niseme mwenyewe. Mwanamume mwenye afya yake kama yule, nimwambie nini? Kwamba nimemletea maradhi ndani ya nyumba?"

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa wawili walishtushana wenyewe kwa wenyewe. Mama Vituo alitaka kucheka, akataka kulia, na zaidi ya yote akataka kuwashika masikio awagonganishe vichwa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwambia kila mmoja arudi kituo chake cha zamani. Kila mmoja akakataa, kwamba huko nako atafuatwa. Alisema ataleta dawa mwenyewe. Kila mmoja akauliza atazificha wapi sasa. Mwisho akawapa wote shauri moja.

"Basi mlete mwenzako mpime pamoja, kama watu ambao hawajawahi kupima."

"Nitafikiri," alisema fundi. "Nitafikiri," alisema mwalimu.

Wiki ikapita, na ya pili, na ya tatu. Mama Vituo aliandika ripoti, akakemea watu, akala chakula akiwa amesimama. Kila simu ikilia aliidaka.

"Kabati vipi?" dereva alimuuliza.

"Bado."

Wiki ya nne wakatokea, Alhamisi asubuhi, kwenye kituo cha mbali kuliko vyote, wamevaa nguo zao za kutokea. Fundi alikuwa amekonda shingo. Kila mmoja alikuwa amemwambia mwenzake kuna upimaji wa familia, na kila mmoja alikuwa amejifanya kusadiki. Mshauri nasaha akawaingiza chumbani, akafunga mlango. Mama Vituo akaketi kwenye benchi la korido, akavua viatu, na anayemwona amwone.

Hakusikia kilio. Alisikia sauti ya fundi ikisema, "Hata wewe?" Akarudia mara tatu.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mwalimu, macho makavu na mekundu.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ulikuja darasani kwangu, ukakaa kwenye kiti cha watoto, huku unajua. Miaka minne nameza vidonge chooni, yeye anavificha kwenye kopo la misumari. Juzi hapa tulikuwa tunakufa, kila mtu upande wake wa kitanda. Na wewe unajua!"



"Ile siri haikuwa yangu, mwalimu. Lakini ule waraka uliowaleta Jumanne moja, huo niliuandika mimi. Nilichoka, sikufikiri. Nisamehe."

Mwalimu akamtazama usoni, akaitazama na ile miguu iliyovimba juu ya sakafu.

"Basi kaandike mwingine," alisema. "Lakini kwanza tupe dawa."