Albamu ya Saba, Isiyo na Muimbaji

Shemeji yangu Magloire ni mwanamuziki ambaye haimbi, hapigi gitaa, na ngoma aliiacha tangu kwaya ya parokia ilipomshauri kwa upole asali tu kama waumini wengine. Kazi inayomlisha ni kibanda chake pale Salamabila, ambako anachaji simu za wachimbaji na kuwatilia nyimbo kwenye kadi. Kazi inayomla ni ile nyingine, ya kutoa albamu.

Tafadhali usifikirie albamu unazozijua, zenye muimbaji, magitaa matatu na wasichana wa kucheza. Za Magloire hazina neno hata moja. Ya kwanza ilikuwa mvua juu ya bati, dakika arobaini. Ya pili ilikuwa mvua ileile, sehemu ya pili. Ya tatu ni jenereta ya jirani, iliyozimika katikati kwa kukosa mafuta, naye akaiacha hivyohivyo akisema hapo ndipo penye hisia. Wateja wakawa wanarudisha kadi.

"Papa Magloire, hii kadi iko na panne, imeharibika. Tunangoja muimbaji, haingii."

"Hakuna muimbaji."

"Alikufa?"

Ugonjwa huu aliupata kwenye mtandao. Kila Ijumaa, siku ambayo huko nje muziki mpya hutoka, hufunga kibanda na kupanda kilima ambako mtandao unashika, kisha hushuka na habari: mtu mmoja ametoa saa nzima ya barafu inayoyeyuka, mwanamke mwingine ametoa sauti ya friji yake, na wote wana wasikilizaji. Mimi naendesha pikipiki ya abiria. Nasikia injini kutwa nzima, Kabambare mpaka Salamabila na kurudi, na hakuna aliyewahi kuniambia nina kipaji.

Ningemcheka nikaishia hapo, kama si dada yangu. Emilienne, mke wake, ambaye wengi humwita Mama Elsa kwa jina la mtoto wao, huu ni mwaka wa tisa anatwanga mawe. Wachimbaji wakishayatoa shimoni, wanawake huyaponda kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, ndipo unga uoshwe na dhahabu ionekane. Huku tunawaita mama twangaise, neno ambamo Kifaransa kiliolewa na Kiswahili bila mahari. Vumbi la mawe hayo halina huruma. Mwaka huu ulipoanza Emilienne alikuwa amekonda, mkono wa kulia hauinuki hata kufunga kitambaa kichwani, na nilikuwa na hofu naye. Magloire akamwahidi mbele yangu: "Hii albamu ya saba ndiyo itakutoa ku kinu. Unipe tu miezi tatu."

Na albamu ya saba ilikuwa nini? Kinu chenyewe. Ili dada yangu aache kutwanga, ilibidi kwanza atwange zaidi.

Mashine ndogo ya kunasia sauti ilinunuliwa na Djamali, mnunuzi wa dhahabu, kwa sharti ambalo kila mtu Kongo hii analijua: atupiwe libanga, yaani jina lake litajwe ndani ya muziki, tena mara nyingi, tena mahali pazuri. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyoingia kwenye nyimbo. Magloire, mtu wa albamu sita bila neno, akakubali kutaja jina. Nilipomuuliza atafanyaje, akasema, "Shemeki, tutaona."

Basi miezi mitatu alikaa kando ya mke wake, masikio yamezibwa na vile vidude vya kusikilizia, kama padri kwenye maungamo. Emilienne anatwanga, anakohoa. Magloire anainua mkono.

"Mama Elsa, rudilia. Pale umekohoa."

Anatwanga tena. Anakohoa tena.

"Ujikaze kidogo, mama."

Siku moja nilikuwepo. Nikamwambia, "Shemeki, huyu mutu iko mugonjwa." Akanijibu bila kuvua vidude masikioni kwamba nisijali, vikohozi atavifuta vyote kwa simu, siku hizi inawezekana. Sikio la kufa halisikii dawa. Nami nilikuwa na abiria ananingoja, nikawasha pikipiki nikaenda. Sijivunii hilo.

Alivifuta kweli. Siku nne amejifungia kibandani, anatoa kimoja kimoja kama anayechambua mchele.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili baada ya misa, nyuma ya baa, spika mbili za kuazima. Djamali alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, amealika wafanyabiashara wenzake waje wasikie jina lake. Mama twangaise nao walikuja, wamejipaka mafuta, wakajaza benchi ya nyuma. Dada yangu alikaa katikati yao. Muziki ukaanza. Ndu. Ndu. Ndu. Zikapita dakika kumi. Ndu. Zikapita ishirini. Mzee mmoja akauliza kama mafundi bado wanajaribu spika.

Djamali akageuka. "Magloire, jina yangu iko wapi?"

"Patron, yale mawe yote ni yako. Kila pigo ni jina yako."

Tukacheka mpaka machozi. Djamali hakucheka. Alifikiri, akauliza mapigo ni mangapi, na aliposikia yanapita elfu tatu akaegemea kiti chake, ameridhika kabisa.

Ndipo akasimama Yvette, mkubwa wa mama twangaise pale kwenye benchi. "Nani anatwanga humu?"

"Ni Mama Elsa," Magloire akasema.

"Hapana. Mukono ni yake, lakini yeye mwenyewe haiko. Natwanga karibu yake miaka tisa. Siku hizi Mama Elsa anapiga mara ine, anakohoa. Anapiga mara ine, anakohoa. Akikohoa, na sisi tunapumuzika. Kikohozi yake iko wapi?"

"Nilikitoa!" Magloire alisema kwa fahari ya fundi. "Vyote. Vilikuwa mia saba na sabini na ine."

Emilienne akainuka kati yao. "Ulivisikia vyote?"

"Vyote, moja moja. Kuna vingine nilirudilia mara kumi."

"Miezi tatu unasikia nakohoa, mara kumi kumi. Na haukuniuliza kitu."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Hakuna aliyecheka tena, na kinu kikaendelea kulia kwenye spika, kisafi, hakuna mtu ndani yake. Magloire akaenda kuzima. Aliyelalamika ni Djamali peke yake, maana jina lake lilikuwa limebakiza dakika kumi na tano.

Jumatatu asubuhi niliwapakia wote wawili nikawapeleka Kasongo, kwenye barabara ambayo usiombe kuijua. Hospitalini niliingia nao. Daktari akauliza kikohozi kimeanza lini. Emilienne akainua mabega, nami sikujua, mimi kaka yake.

Magloire akajibu. Kilianza tarehe tisa mwezi wa pili, saa tatu asubuhi. Kwanza kilikuwa kikavu na kifupi. Mwezi wa tatu kikawa kinatoka chini zaidi, na mwisho wake kuna mluzi mwembamba, hasa akiinama. Tangu Pasaka vinakuja viwili viwili, cha pili kizito kuliko cha kwanza. Alisema yote hayo kwa sauti ndogo, akiangalia sakafu.

Daktari aliandika mpaka akajaza karatasi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Miaka kumi na tano nafanya hii kazi," akasema, "sijaona bwana anayesikiliza bibi yake namna hii. Mama, uko na bahati."

Emilienne akatazama dirishani. Magloire akafunika uso kwa mikono yake miwili akaanza kulia, na daktari, mtu mwema, akamshika bega akamwambia asiogope, mume kama yeye hawezi kuwa amemchelewesha mgonjwa.