Gari la Kabichi la Kwenda Kiwira

Baba yangu yuko ughaibuni tangu mwezi uliopita, amekwenda kumtembelea mdogo wangu, na kila siku lazima atutumie picha. Juzi nilikuwa Iringa kwa mama, tumekaa uani tunachagua maharage, simu ikalia. Picha ya kwanza ilikuwa mlima mweupe kuanzia juu hadi chini, na watu wamejifunga mbao miguuni wanateleza. Ya pili ilikuwa baba ndani ya basi, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, na pembeni yake, kiti kile kile, bega kwa bega, mke wa mdogo wangu. Wanakula viazi vya kukaanga kutoka mfuko mmoja.

Ikafuata sauti yake, ile ya kupiga kelele kama bado anaendesha lori. "Mama watoto! Huku watu wana likizo ya kuteleza tu. Asubuhi tunapanda basi tunakwenda kijiji cha jirani, tunateleza. Mchana tunapanda basi jingine kijiji cha mbele, tunateleza tena. Mimi nateleza kwa makalio! Mkwe ndiye ananiinua."

Mama aliacha maharage. "Anamwinua?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa mikono?"

"Sasa kwa nini, mama? Kwa winchi?"

Hakucheka. Aliigeuza simu ikalala kifudifudi juu ya ungo, akaendelea kutoa mawe. Mimi nilikaa pale sijui nicheke au ninyamaze. Maana picha ile, ndugu yangu, ilinitoa uani pale moja kwa moja hadi kwenye baridi ya Isyonje, likizo moja ya Juni nikiwa darasa la tatu, na hadi leo likizo ile sijaielewa vizuri.

Mama ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga. Baba ni Mnyakyusa, na kwao ni Isyonje, juu ya Mbeya, mahali ambapo ukisema neno asubuhi linatoka na moshi. Shule zilipofungwa, baba akiwa njiani na lori, mama alinifungia begi tukapanda basi. Chimala tulinunua mahindi ya kuchemsha kupitia dirishani, Uyole tukashuka na kupanda Kosta ya kupandisha mlima, na tulipofika Isyonje masikio yangu yalikuwa hayapo tena. Jikoni kwa shangazi kulikuwa na moshi, viazi, na maharage yaliyokaa motoni kutwa nzima. Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi na kuchota maji, na asubuhi nyingine majani yalikuwa yameganda umande, ukikanyaga yanalia kach, kach. Watoto wa pale waliuita sukari. Nililamba, jamani. Si sukari.

Babu alikaa kwenye nyumba yake juu ya njia, mama alifikia kwa shangazi chini ya njia. Mwanzoni niliona sawa tu. Kisha nikaanza kuona mambo. Babu hakuwahi kutokea mahali kimyakimya. Alikohoa kwanza, kikohozi kirefu cha makusudi, na mama akikisikia tu, alidondosha chochote alichoshika akaingia migombani, khanga kichwani, mbio. Siku moja alidondosha sufuria ya uji. Mama yangu, ambaye Iringa sokoni wachuuzi wote walimwogopa!

Nikajua wamegombana. Nikamuuliza.

"Hatujagombana," alisema. "Tunaheshimiana."

Shangazi ndiye aliyenieleza kwamba kwao hiyo inaitwa kutila. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani nyuso, hawasemezani, hawapandi gari moja. Wengine wa kanisani walishaanza kulegeza, lakini babu alikuwa mgumu, na mama, kwa kuwa alitoka kabila jingine, alitaka asije akaambiwa hakufundwa. Kosa la namna hiyo, shangazi alisema, zamani lililipiwa ng'ombe. Mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Kwetu Iringa mtu unayemheshimu unampa kiti. Hapa unamkimbia.

Na babu mwenyewe, wee, nilimpenda mno. Yeye ndiye aliyenifundisha kuteleza. Mahindi yakishavunwa, miezi ya baridi, hakuwa na kazi nyingi, akawa anazunguka kuwasalimu wazee wa rika lake kwenye vilima vya jirani, na mimi nyuma yake. Tulipanda Kosta kama watu wakubwa. Kila kilima kilikuwa na watoto wake na namna yake. Isyonje tuliteleza kwenye majani, tumekalia dumu la njano lililopasuliwa. Njia ya kwenda Kitulo walimwaga maji kwenye udongo mwekundu, ukifika chini hata mama yako hakujui. Kiwira, ambako migomba haina hesabu, walikalia ganda la mgomba lililo bichi, na hilo halina breki. Babu alikaa chini kabisa ya mteremko na koti lake refu, mikono wazi, anaita, "Njooo!" Nikimgonga tunaanguka wote, tunanuka tumbaku na majani.

Jioni nilimsimulia mama yote. Alinisikiliza huku ananisugua magaga, halafu siku moja akasema, polepole, "Na mimi siku moja nikuone."

Basi hapo ndipo nilipopata shida yangu ya likizo nzima. Nilitaka wanione wote wawili, siku moja, mteremko mmoja. Si mmoja leo na mwingine kesho. Wote. Nilimwambia babu jambo hilo akiwa anakunywa chai. Alipuliza chai hadi nikadhani amenisahau, kisha akasema, "Kiwira mteremko ni mrefu. Juu kule kuna migomba mingi." Akaendelea na chai yake. Niliona hakunijibu. Nilipompelekea mama maneno hayo, alicheka hadi akafuta machozi. "Jumamosi tunakwenda Kiwira," akasema. Sikuelewa hata kidogo.

Mpango ulikuwa hivi: babu angetangulia, sisi tungefuata na gari la nyuma. Na kama ilivyokuwa desturi yetu, mimi ndiye niliyepanda kwanza. Nachungulia kiti kwa kiti. Babu hayumo, nampungia mama mkono, anapanda. Babu yumo, natingisha kichwa, gari linatuacha tunasubiri jingine. Nilikuwa hodari, makonda walishanizoea.

Lakini Jumamosi ile ukungu ulikuwa mzito na baridi imepitiliza. Kumbe babu alikuwa ametangulia kwenda upande wa Uyole kumwona rafiki yake mgonjwa, akachelewa, akapanda Kosta kutokea kule. Gari lilipofika Isyonje, yeye alikuwa kiti cha nyuma kabisa, amelala, mzula mpya, kofia ya sufu, ameuvuta hadi kidevuni. Niliona mzula. Mtu sikumwona. Nikampungia mama mkono.

Mama alikaa karibu na mlango. Gari likaondoka. Tulipoanza kushuka kona ya kwanza, nyuma kule mtu akaamka, akakohoa.

Mwe! Kikohozi kile mama alikijua kuliko honi ya lori la mumewe. Khanga ikaruka kichwani, akagonga bati, "Shusha! Shusha hapa!" Konda akafungua mlango kwa woga, mama akashuka ukunguni kama aliyeungua. Huku nyuma babu naye alikuwa ameiona khanga. Akaona aibu kwamba mke wa mwanawe ameshushwa kwenye baridi kwa ajili yake, akaamua ashuke yeye. Mlangoni hawezi, mama amesimama pale pale. Akapitia dirishani! Mzee mzima, abiria wanamsukuma miguu, koti limenasa, wanamama wanasema pole baba, pole baba. Konda, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alishika kichwa. "Jamani, humu kuna nyoka?"

Dereva hakungoja jibu. Gari likaondoka. Mama upande huu wa barabara, babu upande ule, na mimi kwenye kiti, peke yangu, naelekea Kiwira. Nilipata sauti tumeshafika mbali, nikapiga yowe, lakini mteremko ule hakuna pa kugeuzia Kosta. Konda alinikabidhi stendi kwa mama mmoja muuza karanga, akaniambia nisitoke hapo. Nikakaa kwenye ndoo yake iliyogeuzwa, nalia kwa kwikwi. Nilitaka wanione wawili, sasa sina hata mmoja. Muuza karanga aliniuliza wazazi wako wako wapi. Nikamwambia wanaheshimiana. Akanipa karanga, akaendelea kuuza.

Nilisubiri hadi karanga zikaisha. Kisha ikaja pikapu imejaa kabichi. Mbele, karibu na dereva, alikaa mtu aliyefunikwa khanga kuanzia kichwani hadi magotini kama mzigo. Nyuma, juu kabisa ya kabichi, alikaa mzee mwenye koti refu. Alikuwa ametazama kule alikotoka, mgongo wote kwa yule wa khanga, mikono imeshika kamba, ukungu umemlowesha, anatetemeka. Gari moja. Barabara ile asubuhi ile halikupita gari jingine, na mtoto alikuwa Kiwira peke yake.

Mama alishuka na kunikumbatia ndani ya khanga, sikuona kitu, nilisikia moyo wake tu. Babu alishukia upande wa pili, akaanza kutembea kuelekea mteremkoni bila kugeuka. Tukamfuata kwa mbali. Tulipofika, yeye alizunguka akaenda chini. Mama akaingia kwenye migomba ya juu. Hapo ndipo nilipoelewa ile habari ya migomba mingi, na nikafurahi hadi nikasahau kulia.

Nilikalia ganda langu. Kabla hajanisukuma, mama aliniinamia sikioni. "Mwambie babu nimemkosea adabu leo. Anisamehe."

Nikateleza. Upepo, majani, machozi, "Njooo!", nikamgonga, tukaanguka. Nikampa maneno yake huku nahema. Babu alijikung'uta koti, akaangalia mto uliokuwa chini yetu. "Mwambie mimi garini sikuona mtu. Niliona kabichi."

Nikapanda mbio na ganda langu. Mama aliposikia alicheka ndani ya khanga, mabega yanatikisika, akanipa jingine: mwambie ndaga, asante kwa kumfundisha mtoto. Nikateleza nalo. Babu akanirudisha: mwambie viazi alivyopika juzi vilikuwa na chumvi ya kutosha. Nikapanda. Hadi mchana nilikuwa hivyo, nashuka na la mama, napanda na la babu, na kila nikishuka nilijua juu kuna anayeniangalia na chini kuna anayeningoja. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, nasema kweli.

Babu alifariki nikiwa sekondari. Watu walipita kumuaga, na mama alipita nao, khanga usoni, shangazi kamshika mkono asijikwae. Mteremko wa Kiwira sasa una nyumba za bati na kibanda cha kuchajia simu. Watoto wa Isyonje hawapasui madumu. Mimi mwenyewe na baba mkwe wangu tunakaa kochi moja, tunagombania rimoti, na nampenda, wala sitamani nimkimbie na sufuria ya uji. Kwa hiyo kinachoniuma ni nini? Sijui. Nikiitazama picha ya baba na mkwe wake nasikia raha, halafu nasikia kitu kingine nyuma ya raha, sikijui jina.

Maharage yalikuwa yamekaribia kwisha mama alipoigeuza simu tena. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, kama anavyofanya akiwa hana miwani. Nikadhani anamtazama mke wa mdogo wangu.

"Babu yako," alisema, "alikuwa hivi?"

Sikumwelewa. "Hivi vipi, mama?"

"Uso. Baba yako amezeeka sasa, na hiyo kofia. Watu husema amefanana na baba yake. Mimi namjua mgongo tu."

Picha babu hakuwahi kupigwa, alisema kamera ni ya watu wenye suti. Nikafumba macho nimtafute. Nikaona koti, mikono wazi, mzula. Nikasikia tumbaku. Uso ulikuja nusu, ukapotea, ukaja tena.

"Masikio," nikasema. "Masikio yalikuwa haya haya. Na akicheka, hapa palikuwa panakunjika."

Mama akaweka kidole chake chenye vumbi la maharage kwenye kioo, juu ya sikio la mumewe. Akaufuata ukingo wake polepole.

"Kumbe," akasema. Halafu akavuta khanga kidogo, ikafunika nywele.