Kasiri na Magoti Yangu

Niliwahi kuamini, bila ya chembe ya shaka, kwamba ile ngoma ndogo ya razha, mchezo wa panga wa Waomani, huvunja miguu ya watu. Si ya kila mtu. Ya mgeni tu, khasa aliyezaliwa bara la Afrika kama mimi. Aliyenambia ni mjomba wangu, ambaye mwenyewe anachechemea. Siku nilipojiunga na kikundi cha wachezaji hapa Ibra, alijigonga mguu akasema, "Kasiri hii." Kasiri ndilo jina la ngoma hiyo. Na wiki ile ile, shule ya usiku, mwalimu wa Kiarabu alikuwa ametufundisha kasara: kuvunja. Nikaunganisha. Msomi mimi, nani angenidanganya?

Wiki nzima tulikuwa makarani na madereva. Alhamisi tunajazana kwenye basi dogo, panga zimeviringishwa blanketini, kanzu zimetundikwa madirishani kama abiria wa ziada, tunakwenda kuchezea harusi za watu: Bidiya, Bahla, Nizwa. Nimekula wali wa harusi wa kuifukia ngome ya Nizwa mpaka kwenye bendera. Na upanga wangu nikiurusha juu, wallahi, nilikuwa na wasaa wa kunywa kahawa kabla haujarudi.

Taabu ilikuwa moja. Katika razha wanaume husimama safu mbili zinazotazamana, na wapiga ngoma hupita katikati, mmoja na rahmani, ile kubwa, mwengine na kasiri. Kasiri ikinisogelea, mimi narudi nyuma. Nikirudi mimi, safu nzima inanifuata. Harusi ya Nizwa nilirudi mpaka nikakaa mapajani mwa babu yake bwana harusi.

Ndani ya basi akida wetu, mkuu wa kikundi, hakupandisha sauti. "Yakhe, safu yako imepinda kama mfereji. Ikipinda tena kwenye harusi ya Sur, basi hili usilipande."

Njia nzima nilishikilia kiti changu kwa mikono miwili, wenzangu wakadhani nina homa. Nilipofika Oman, ukimtoa mjomba, sikuwa na mtu wa kumpigia simu. Watu wangu wote niliwapata kwenye basi lile, hata mke: ni dada yake mpiga kasiri. Huyo shemeji sikuwahi kumuuliza kitu. Nilikuwa nikimwonea huruma tu kwa kazi aliyopewa.

Sur tulifikia kwa wakwe zangu, na mke wangu alikuwa ametangulia. Alinikuta chumbani nikifunga bandeji magotini, nimeshafika goti la pili. Akaniuliza naumwa nini. Nikamweleza yote, na sarufi yake. Alicheka mpaka mama mkwe akaja kugonga mlango, kuuliza nani amefariki. Mjomba, kumbe, alianguka mtendeni akichuma tende, na ukoo mzima unajua.

Jioni ile niliikaribia kasiri hata shemeji akawa ananisukuma kwa kiwiko apate nafasi ya kupiga. Safu ilinyooka, ungeweza kuanikia nguo. Akida alinisogezea sinia upande wenye nyama, na wakati wa kuondoka akaniwekea kiti cha dirishani. Bandeji zimebaki Sur mpaka leo.

Na maneno yenyewe ya mke wangu, alipokwisha kujifuta machozi, yalikuwa haya tu: "Rahmani inashika mdundo, kasiri inavunja mdundo. Mguu hakuna mtu anauvunja."